Jina la mwenye ndege lisifichwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni kuhusu hizi ndege kubwa za makampuni na huku kuficha majina ya wenyewe. Watu wakisikia jeti binafsi wanafikiria vile videge vya watu wanane, kumbe kuna wenye Boeing 767 nzima, ile ya korido mbili. Inayojulikana sana ni N2767, zamani ilikuwa ya Qantas, mwaka 2005 waanzilishi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, wakainunua wakaifumua ndani ikabaki na nafasi za watu kama 50 tu. Lakini kwenye daftari la usajili la FAA, mamlaka ya usafiri wa anga kule Marekani, jina lililoandikwa sio la Page wala Brin, ni Blue City Holdings. Sheria inaruhusu hiyo, hata mgeni asiye raia anaweza kupitia benki ya huko ikashika ndege kama mdhamini na herufi N, ile inayoanza namba ya ndege iliyosajiliwa Marekani, anaipata.

Sasa kuificha ndege yenyewe hewani ni ngumu. Transponda yake, yaani kile chombo cha redio ndani ya ndege, inatangaza mahali ilipo karibu mara mbili kila sekunde, pamoja na alama ya utambulisho ya herufi na tarakimu sita ambayo ni yake peke yake, na yeyote mwenye antena na kirisiva kidogo nyumbani ananasa. FAA wana mpango unaoitwa LADD wa kuomba tovuti zinazofuatilia ndege zisiionyeshe, sawa, ila unazibana zile zinazochukua data za FAA, wanaokusanya kwa antena zao wenyewe wanaendelea tu.

Ndo maana wenye ndege wakageukia jina. Sheria ya 2024 ya Marekani inamruhusu mwenye ndege binafsi aombe jina na anuani yake visionekane kwa umma, na hapo ndipo ninapopinga. Juni 2022 mahakama ya Marekani ilitoa hati ya kukamata Boeing 787 ya Roman Abramovich, tajiri wa Kirusi, kwa kuingia Urusi bila leseni ya Marekani, na ile ndege ilikuwa imepitishwa kwenye makampuni ya mfukoni moja baada ya jingine, kwa hiyo tayari kumjua mwenyewe ni kazi, halafu eti tufiche na hicho kidogo kilichoandikwa!

Anuani ya nyumbani wafiche, sina neno, watu wana familia na vichaa wapo. Ila ndege ya kampuni yenye ukubwa wa kubeba abiria zaidi ya 200, jina la kampuni libaki kwenye daftari kila mtu alione.

Msomaji wenu, mpenda ndege