Rehema, uliza kwanza utarudije

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi shoga yangu. Barua yako nimeipata pamoja na zile picha: mto unaopita chini ya upinde wa mwamba, ziwa lililozungukwa na milima ya theluji, ufuko wenye nguzo za mawe. Chini yake umeniuliza ipi nzuri zaidi kwa safari yako ya kwanza ya kupiga kafi. Zote nzuri, bibi wee. Hakuna anayepiga picha ya upepo wa mbele. Mimi nikichagua njia ya kayaki, kile chombo chembamba cha mtu mmoja au wawili, au ya mtumbwi, huanza na swali jingine: nitarudije? Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, walisema wenye vyombo vyao, ila usipoangalia hiyo ngama, yaani mahali pa kurejea, utakuwa umeiacha kilomita thelathini nyuma, na mkondo wote unakuja usoni.

Tuanze na mto, maana ndio unaodanganya kwa upole. Unapiga kafi kidogo, mkondo unamalizia, unajiona hodari. Jioni ukigeuka utazame ulikotoka ndipo unapojua kwamba safari ya mto ni ya upande mmoja: lazima gari likungoje chini au mtu akupandishe. Ile picha yako ya kwanza ni Pont d'Arc, kwenye mto Ardèche kusini mwa Ufaransa. Upinde ule hakuujenga mtu. Mto wenyewe ulitoboa mwamba, ukaacha daraja lenye kimo cha mita 54 hivi. Watu huanzia Vallon, juu kidogo ya hapo, hupita chini ya upinde na kuteremka korongoni hadi Saint-Martin-d'Ardèche, safari nzima kama kilomita 32, na wakodishaji wa mitumbwi huwarudisha kwa basi. Kwa hiyo marejeo si tatizo. Tatizo ni umati wa Julai na Agosti, mnapigana vikumbo majini kama abiria wa daladala. Halafu korongo lile ni hifadhi, huruhusiwi kulala popote upendapo. Kuna kambi mbili tu, Gaud na Gournier. Ukitaka kulala njiani, nafasi iwekwe mapema.

Kama unataka mto mrefu wenye ukimya, kuna Whanganui kule Nyuzilandi. Kutoka Taumarunui hadi Pipiriki ni kilomita 145, siku tano hivi, na serikali yao imeuweka kwenye orodha ya njia zao kuu za kutembea kwa miguu, ingawa humo hakuna anayetembea. Mwaka 2017 sheria iliutambua mto huo kuwa nafsi yenye haki zake kisheria. Hilo nalipenda kupita kiasi.

Popote utakapoteremka mto, jifunze kusoma maji kabla ya kujifunza kupiga kafi kwa madaha. Mbele yako utaona maji yamejichora herufi V. Ncha ikielekea unakokwenda, hapo ndipo pa kupita, maji yamebanwa kati ya mawe mawili yakajifanyia mlango. Ncha ikikuelekea wewe, chini yake kuna jiwe limejificha, likwepe. Wageni wengi huogopa maporomoko. Mimi naogopa zaidi mti ulioangukia mtoni. Maji hupita katikati ya matawi bila shida, mtu hapiti, na mkondo unaendelea kumsukuma hapo hapo aliponasa. Ukiuona kwa mbali, kaa upande wa pili tangu mapema.

Sasa maziwa. Wengi huyadharau wakidhani hayana msisimko, na mimi ndiko nilikotia moyo wangu. Picha yako ya pili ni Bowron, jimbo la British Columbia, Kanada. Yale ni maziwa yaliyoungana na mito na njia fupi za nchi kavu, yakafanya umbo la mstatili la kilomita 116. Unaanza, unazunguka siku sita hadi kumi, unatokea palepale ulipoacha gari. Umeona raha hiyo? Hakuna basi, hakuna kumsubiri mtu.

Ila maziwa yana kodi yake: kubeba chombo kutoka ziwa moja hadi jingine. Kwenye Boundary Waters, jimbo la Minnesota huko Marekani, mpakani na Kanada, kuna maziwa zaidi ya elfu moja, na ramani zao hupima njia hizo za kubebea kwa kipimo cha zamani kinachokaribia mita 5, yaani karibu urefu wa mtumbwi mmoja. Ukiona 100 kwenye ramani, jua ni nusu kilomita. Mtumbwi unaupindua, unauweka mabegani, kichwa kinaingia ndani yake. Kuanzia hapo dunia yako ni vidole vyako vya miguu na mizizi iliyo mbele yake. Mbu wanatua shingoni, na mikono yote miwili imeshika kingo, huna hata mmoja wa kuwafukuza. Kilomita za majini hazichoshi mtu kama hizo mita. Basi kabla ya kupenda njia, jumlisha kwanza mabebeo yake, halafu kumbuka kuwa mzigo mkubwa maana yake ni kuipita njia ileile mara tatu: kwenda na mtumbwi, kurudi mkono mtupu, kwenda tena na mabegi.

Jambo la pili la ziwa ni upepo. Asubuhi maji yamelala, mchana yanaamka, na ziwa likiwa refu mawimbi hupata nafasi ya kukua. Uskoti kuna njia ya Great Glen, kutoka Fort William hadi Inverness, kama kilomita 95, na ndani yake mna Loch Ness yenye urefu wa kilomita 37 hivi, imenyooka kati ya milima. Upepo wa kawaida pale hutoka kusini-magharibi, ndiyo maana karibu kila mtu huanzia Fort William, upepo ukiwa mgongoni. Anayeanzia Inverness hajaharamishiwa, lakini ataomba radhi njia nzima.

Kwa kuwa hujawahi kushika kafi, mimi ningekuanzishia bwawani. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Bwawa dogo linatosha kabisa kujifunza kupinduka kwa hiari, kutoka, na kupanda tena, jambo ambalo hupaswi kulifanya mara ya kwanza ukiwa umepinduka bila kutaka. Hapo pia ndipo utakapogundua tofauti ya vyombo. Kayaki ina kafi lenye mabapa mawili, kulia na kushoto, inanyooka yenyewe. Mtumbwi una bapa moja, na ukipiga upande mmoja tu utazunguka. Dawa yake iko mwishoni mwa pigo: kafi likishapita nyonga yako, geuza mkono wa juu mpaka kidole gumba kielekee chini, kisha sukuma maji nje kidogo. Omo, pua ya mtumbwi, inarudi mahali pake. Utakosea asubuhi nzima, halafu ghafla mkono utaelewa wenyewe.

Bahari nimeiacha mwisho kwa sababu marejeo yake yana saa. Maji hujaa kwa muda wa kama saa sita na dakika kumi na mbili, hupwa kwa muda kama huo, na kila siku yanachelewa takriban dakika 50. Nguvu haigawanyiki sawa: saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kujaa au kupwa ndizo zinazosogeza karibu nusu ya maji yote, kwa hiyo mlango wa hori uliopita kwa starehe asubuhi unaweza kukukatalia baadaye. Bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, ni mbaya zaidi. Kwa mgeni, maji mafu, siku yanaposogea kidogo tu, ni rafiki. Picha yako ya tatu ni Hopewell Rocks, kwenye Ghuba ya Fundy huko Kanada, na ghuba hiyo ina sehemu ambazo maji hupanda hadi mita 16. Yakijaa unapita na kayaki kati ya vichwa vya nguzo zile. Yakipwa, unatembea kwa miguu palepale, nguzo zimesimama juu yako. Mtu asiye na jedwali la maji hana kazi ya kwenda huko.

Kinachonitisha zaidi baharini hakionekani kwenye picha wala jedwali: upepo unaotoka nchi kavu. Karibu na ufuko maji yanakuwa tambarare, maana nchi inayakinga, nawe unajisemea leo shwari. Kadiri unavyosogea nje ndivyo mkono wa upepo unavyokuwa mzito, na unakupeleka upande usioutaka. Siku ya namna hiyo mimi husafiri kwa kubana ufuko, au nakaa nchi kavu nasoma. Kama unatamani maji ya chumvi bila mawimbi makubwa, iko njia ya mikoko ya Everglades, Florida, kilomita 159 kati ya Everglades City na Flamingo, ambako sehemu nyingine hakuna ardhi kavu kabisa na watu hulala kwenye majukwaa ya mbao yaliyojengwa juu ya maji.

Nguo: vaa kulingana na baridi ya maji, si joto la jua. Jaketi okozi livaliwe na kufungwa. Kulilaza miguuni ni sawa na kuliacha nyumbani.

Ukinilazimisha nikuchagulie, nasema Bowron, baada ya kulizoea bwawa. Ardèche ije ya pili, mwezi wa Juni. Fundy twende na kiongozi anayeyajua maji yale, na si mwaka huu.

Niandikie upesi mko wangapi. Kama mtageuza mawazo mkataka Boundary Waters, kundi haliruhusiwi kuzidi watu 9 wala vyombo 4, na vibali vya majira ya joto hutolewa kwa idadi maalumu kwa kila mlango wa kuingilia. Ukija na ukoo mzima kama ulivyotishia, tutaomba vibali viwili na wewe ndiye utakayeamua nani apande na nani.

Wako,
Zuhura