Simu yako bado ninayo, mdogo wangu

Mdogo wangu,

Simu yako ninayo. Nimeiweka kwenye droo ya kaunta hapa dukani, na kila Alhamisi saa nne asubuhi inalia mpaka inachoka. Alhamisi ya kwanza niliipokea nikamwambia yule mtaalamu wa usemi wa mwanao kwamba tumefiwa. Ya pili sikujua nimwambie nini, nikaiacha ilie huku mteja akinitazama.

Kwenye kabambe, ile simu ndogo ya baba, hunipokei, ndiyo maana naandika hapa. Binamu yetu wa Kisumu husoma haya ninayoandika, na wote tunamjua, neno halikai kooni mwake hadi jioni. Atakufikishia.

Unakumbuka ulivyonipigia ukiwa stendi ya Kisumu? Mlikuwa mmengoja foleni miezi minane. Boda hadi barabarani, matatu mbili, mtoto kaziba masikio njia nzima, na kondakta anakuambia umfunze adabu. Mkaonwa dakika chache, mkapewa karatasi iliyosema usonji, yaani autism, na tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu. Ukaniuliza, "Usonji ndio nini, ni kitu cha kula?" Tukacheka. Kisha ukalia, nami huku Nakuru nikafunga duka mapema.

Reli inaishia Butere, na wataalamu wa usemi hawafiki hata huko. Ndipo nikanunua simu, nikamtafuta yule wa Nairobi, nikawa nalipa vipindi na bando. Sisemi ili unishukuru. Haya, pengine nasema ili unishukuru.

Ulidhani atamtibu mtoto kupitia kioo. Hata mimi nilidhani hivyo. Kumbe alikuwa anakutazama wewe! Simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, wewe uko chini mkekani, naye anakuelekeza: usimwite kwa mbali, shuka mpaka macho yenu yalingane. Akipanga visoda, nawe panga vyako kando yake. Akitaka maji, shika kikombe, tamka neno moja tu, kisha nyamaza uhesabu moyoni hadi 5. Ulinipigia umekasirika: "Tunalipa mtu anifundishe kunyamaza?" Tena akakukataza Kiswahili cha shuleni, akasema mtoto apewe lugha anayoisikia jikoni. Na ni jikoni "amatsi", maji kwa Kiluhya chetu, ilikotokea.

Netiweki ilikuwa inashika chini ya mparachichi tu, na mvua ikinyesha hata hapo hakuna. Mkakubaliana ujirekodi dakika 3, utume usiku, naye akujibu kwa ujumbe wa sauti. Baba akauliza ni mganga gani huyu anayeishi ndani ya simu. Nani alimjibu? Ni mimi niliyemsomea kwamba Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kama hayo kwa walezi, vipindi 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yaliyotungwa makusudi kwa sehemu zisizo na wataalamu, na kwamba tangu 2022 yapo hata mtandaoni. Baba akasema, kama ni bure basi sawa.

Na shangazi aliposema ndiyo sababu wakwe zako wa Mumias walikurudisha, kwamba mtoto amekuwa hivyo kwa kukosa mapenzi ya mama, nani alisimama? Nilimwambia kwamba hata Marekani, baada ya Leo Kanner kuandika juu ya watoto 11 mwaka 1943, madaktari walikaa miaka wakiwasingizia akina mama hivyo hivyo, mpaka utafiti ukawaumbua. Shangazi akasema Marekani ni mbali. Lakini alinyamaza, si alinyamaza?

Mimi nilikutetea kila mara. Nataka hilo lijulikane kabla sijafika kwenye ile Jumamosi ya mazishi ya mama.

Ulikuwa umepata ujumbe wa yule mtaalamu siku mbili kabla, tukausikiliza pamoja chini ya mparachichi. Mtoto aonyeshwe hema likiwa bado tupu. Azoeshwe kitu cha kuziba masikio. Atafutiwe mahali patulivu. Basi. Siku ikafika: spika mbili upande wa migomba, ngoma za isukuti zinaunguruma, mchungaji kasimama, na mwanao anagonga kichwa kwenye nguzo ya hema. Wewe ulikuwa jikoni unapakulia wageni, silaumu. Watu waligeuka wote. Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba marehemu hataachwa apumzike.

Nilimbeba. Nilimtafutia mahali patulivu. Stoo ndiyo pekee yenye kuta za matofali, kwingine kote ni mabati. Nilifunga kwa sababu angetoka akakimbilia mtoni, na hadithi ya mtoni ulinipa wewe mwenyewe. Zilikuwa dakika 20. Ulisema saa nzima, mbele ya wajomba, lakini mimi najua ni 20 kwa sababu nilikuwa natazama saa kila mara.

Ulikuja ukasimama mbele yangu, ukaninyooshea kiganja. Nikaenda kufungua mwenyewe. Alikuwa nyuma ya magunia, kisoda kimoja mkononi, halii. Ulimwita hakugeuka. Heri ungenitukana, mdogo wangu. Ulifungua fundo la leso, ukatoa simu ukaiweka mapajani pangu: "Alisema mahali patulivu, akiwa na mtu anayemjua. Hiyo nusu hukuisikia?"

Nilikujibu kwamba netiweki ilikatika. Ujumbe wa sauti haukatiki, ukishafika umefika, na huo tulikuwa tumeusikiliza mara mbili. Nimeurudia hapa usiku nikiwa peke yangu. Nusu ya pili ipo.

Sasa nisikilize. Nimelipia vipindi vya mwezi huu. Simu inakuja Ijumaa kwa matatu, chaji imejaa na bando lipo. Yule mhudumu wa afya ya jamii aliwahi kukuuliza kama anaweza kuketi nanyi ajifunze. Safari hii mkubalie. Na usifute video. Kuna ile ambayo anatazama kikombe, anasema amatsi, kisha anainua macho kukutazama. Mimi hajawahi kunitazama hivyo, nami huja nyumbani mara mbili kwa mwaka nikiwa na haraka.

Ndani ya bahasha ya simu utakuta ufunguo. Ni wa stoo. Niliuona mkobani nikihesabu nauli stendi ya Nakuru. Mlipotoka nilifunga tena, mazoea ya duka, na mahindi ya mama yalibaki humo ndani. Wiki zote hizi hakuna aliyenipigia kuuliza ufunguo uko wapi. Mlango mmeuvunja?