Rangi ya Jiwe Hutokea Majini

Kisumu,
Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Pokea salamu kutoka huku ziwani. Mimi ni mzima, ila mgongo haujanisamehe wiki nane za kukaa juu ya kigoda. Natumai nawe hujambo, na kwamba mama amepata nafuu ya magoti. Mwambie namkumbuka, na chai yake pia.

Ujumbe wako ulinikuta Tabaka, nikausoma mara tatu. Umeandika kwamba umeweka brashi chini. Kwamba wenye matatu hapo Nakuru siku hizi wanataka picha ichapishwe kwenye stika, ibandikwe asubuhi, jioni gari liko barabarani. Hata yule kinyozi aliyekupa kazi ya kwanza amening'iniza bango la kuchapishwa. Halafu ukaniuliza: "Wewe uliye chuoni, hebu niambie, hii sanaa ina maana gani hasa?" Sikukujibu kwa simu. Jibu nililokuwa nalo mkononi lilikuwa la darasani, na siku zile nilikuwa nimeanza kulitilia shaka.

Jibu la darasani ni kwamba kazi huanza na wazo. Mwaka wa kwanza na wa pili nililishika hilo kama sala. Nilikuwa naandika ukurasa mzima wa maelezo kabla sijagusa udongo. Unakumbuka kile kichwa nilichokutumia picha yake, kilichofungwa kamba mdomoni? Nilibandika karatasi kando yake nikieleza kuwa ni habari ya kunyamazishwa. Siku ya maonyesho nilisimama nyuma ya wageni nikiwatazama. Walikuwa wanasoma karatasi mpaka mwisho, wanainua macho kukitupia kichwa jicho moja, kisha wanasogea. Jioni ile nililala na furaha kwa sababu wote walielewa. Leo naona kwamba wangeweza kuelewa vilevile nami nimelala kitandani, karatasi ikaletwa peke yake.

Sasa nikueleze Tabaka. Kutoka Kisumu unapanda matatu ya Kisii, unapita Ahero, unapita Oyugis, na kutoka Kisii mjini unaendelea mpaka vilimani kwa Abagusii. Utajua umefika kwa vumbi. Linakaa juu ya majani ya migomba, juu ya mabati, juu ya nyusi za watu. Mawe yale huchimbwa kwa mkono, kwa sururu na mtaimbo, katika mashimo yanayojaa maji mvua ikinyesha na ambayo kingo zake humeguka. Watu wanashuka humo wakijua hivyo. Jiwe lenyewe ni laini ajabu, kisu cha jikoni kinaliingia, ndiyo maana wengine huliita jiwe la sabuni. Lipo jeupe, lipo la waridi, lipo la kijivu, na mengine yana mishipa ya kahawia kama ile ya mkono wa mzee.

Nilipelekwa kwenye karakana ya mzee mmoja kwa ajili ya atachimenti, yale mafunzo ya kazini ya chuo. Nitakwambia kweli, wiki ya kwanza nilimdharau, na kukiri hivyo kunaniuma. Alikuwa na oda ya viboko mia mbili, wote sawa, wa kusafirishwa nje. Nilijiambia: hapa hakuna sanaa, hiki ni kiwanda bila mashine. Nikamuuliza kama hachoki kuchonga kiboko yuleyule. Akanijibu kwamba mtoto wake yuko kidato cha tatu na karo haijaisha. Basi. Nilikuwa nangoja aseme neno zito la kuandika kwenye daftari langu, yeye akaendelea kupiga patasi.

Ilinichukua siku kadhaa kuona anachofanya kabla ya patasi. Kila jiwe alikuwa analigeuza, mara nne, mara tano, akilipitishia kidole gumba. Akiona mshipa unapita mahali pa mguu, anamgeuza kiboko mzima, kichwa kinakuja upande wa pili, kwa sababu mguu ukichongwa kando ya mshipa utakatika njiani. Kwa hiyo wale viboko mia mbili nilioona ni mmoja, yeye alikuwa ameamua mia mbili tofauti. Hakuna karatasi iliyoeleza hilo, na mnunuzi wa ng'ambo hatalijua kamwe. Lakini miguu haitakatika.

Kuna jambo jingine kule ambalo bado linanisumbua, nalo ndilo lililonifanya nikae kuandika barua hii kwa kalamu.

Wanaochonga kule wengi ni wanaume. Wanaosugua ni wanawake. Kinyago kikitoka kwa mchongaji kina makovu ya kisu na kimefunikwa vumbi jeupe, kiwe cha jiwe la waridi au la kijivu, vyote vinafanana kama vilivyopakwa unga. Ndipo kinapelekwa kwa kina mama. Wanakaa kwa duara, kila mmoja na beseni lake la maji, wanasugua kwa msasa: kwanza ule mkali, kisha wa kati, kisha laini kabisa, na kila mara wanakichovya majini. Na ndani ya maji, rafiki yangu, ndimo rangi inamotokea. Nilikuwa nimechonga kwa siku sita jiwe nililodhani ni jeupe tu. Mama aliyekuwa jirani yangu akalichovya, na bega zima likawaka waridi na mstari wa kahawia ukikata katikati. Nilipiga kelele. Wenzake wakacheka, si kwa ubaya.

Huyo mama tulikuwa tunamwita Mong'ina, kama wanavyoita mwanamke mtu mzima kwa heshima. Ana miaka mingi kwenye beseni. Vidole vyake havina tena zile alama tulizonazo sisi kwenye ncha, vimelainika kama jiwe lenyewe. Analipwa kwa kipande, na malipo ni madogo kuliko ya mchongaji. Siku moja alinialika kwake chakula cha mchana, obokima, yaani ugali, na mboga, na nikala kwenye sahani ya plastiki, mimi niliyetoka kwenye yadi yenye mabakuli ya mawe yaliyopangwa kufika kiunoni. Tulikariri shuleni kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Siku ile nilikula nayo.

Kazi yangu ilikuwa korongo. Nilitaka shingo ndefu iliyonyanyuka, imeachana na kifua, hewa ipite katikati. Nilikuwa hata nimeshaandika maelezo yake (tabia haiishi haraka): korongo anayetazama mbali, kijana anayetaka kuondoka nyumbani. Kabla sijatoboa lile tundu la kati ya shingo na kifua nilimpa Mong'ina asugue kidogo nione rangi. Akasugua, akachovya, akaliweka jiwe kwenye jua. Tukangoja. Jiwe lilikauka lote, lakini palibaki uzi mweusi, mwembamba kama unywele, chini kidogo ya kichwa. Maji yalikuwa yamekwama kwenye ufa ambao mimi, kwa siku zote zile, sikuwa nimeuona.

"Ukitoboa hapa," akasema, "utabeba kichwa mkono huu na mwili mkono huu."

Nikamuuliza nifanye nini. Akaliinamisha jiwe, akalikandamiza kifuani pake kama mtu anayebembeleza mtoto, akasema nimwache ndege alale. Nisitoboe. Shingo ibaki imeshikana na kifua, kichwa kizame kwenye manyoya.

Nilikasirika siku nzima. Wazo langu lilikuwa limekufa. Kesho yake nikaanza kuchonga bawa liinuke kidogo lipokee kichwa, na mikono ikajua njia kuliko nilivyokuwa nimeijua. Mong'ina akamalizia kwa siku tatu. Kwenye shingo alisugua mpaka mshipa wa kahawia ukashuka kutoka kichwani na kupotelea chini ya bawa, kana kwamba ndiko usingizi ulikoingilia. Mimi nisingeweza kuupanga mshipa ule. Hata yeye hakuupanga. Aliufuata.

Tuliporudi chuoni, kazi zote zikawekwa kwenye meza za maonyesho. Kila kazi ilikuwa na kikaratasi chenye mstari mmoja: jina la msanii. Niliuliza kama naweza kuandika majina mawili. Nikaambiwa alama hupewa mwanafunzi mmoja, na anayesugua si mwanafunzi. Nikaandika langu.

Nililiandika mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri, na ningeweza kukataa. Hilo silifichi kwako. Wageni walipita, na safari hii walikaa kwa ndege. Mwanamke mmoja aliinama akaweka kiganja mgongoni mwa korongo, akakiacha pale muda mrefu. Kisha akaniuliza nilipataje wazo la kumlaza. Nikamwambia, "Jiwe lilikuwa na ufa." Nikanyamaza. Nilikuwa na sentensi moja zaidi ya kusema, na sikuisema.

Tangu hapo nikipita kwenye vibanda vya vinyago hapa mjini siangalii tena kama zamani. Hata Elkana Ong'esa, mchongaji mzaliwa wa Tabaka, ambaye ndege wake wa amani yuko makao makuu ya UNESCO mjini Paris, picha ya ndege yule nimekuwa nayo ukutani tangu kidato cha pili. Nilikuwa nikiitazama naona mtu mmoja mkubwa. Sasa namwona bado, na heshima yangu kwake imezidi, ila nyuma yake naona pia shimo, na migongo iliyotoa jiwe shimoni.

Kwa hiyo ukiniuliza maana, mimi sasa nadhani maana haitangulii ikangoja kuvishwa jiwe. Inakuja wakati kitu kinakukatalia na wewe hukiachi, na mara nyingi anayekuonyesha kinapokatalia ni mtu mwingine. Nikikosea utanisahihisha, wewe hujawahi kuniogopa.

Na wewe unalijua hili kabla yangu. Unakumbuka ile nganya ya kwanza, ile matatu ya kwanza kuipamba, tulipopewa usiku mmoja tu kwenye gereji? Ulichora simba ubavuni, na jicho lake likaangukia penye bonde lililopigwa nyundo vibaya. Fundi wa bodi akataka kuziba upya. Ukamwambia aache, ukaweka weusi wa jicho ndani ya lile bonde, na makanga aliyekuwa ametushikia taa akasema simba anamfuata kila anaposogea. Mpaka saa kumi alfajiri hakuitua ile taa. Stika haingelijua lile bonde. Ingepita juu yake na kufanya kiputo. Simlaumu mwenye gari, stika inamrudishia pesa haraka na ana mkopo. Lakini usiniambie kwamba kazi yako na ile ni kitu kimoja, kwa kuwa mimi nilikuwepo.

Wala sikwambii urudi kwenye matatu. Kodi hailipwi kwa jicho la simba, na ukipata kazi ya kupaka nyumba, ichukue. Mimi mwenyewe sijui nikimaliza mwakani nitakula wapi. Ninachokuomba ni kimoja, nacho kiko ndani ya kifurushi.

Kesho asubuhi nitakipeleka stejini, nitakupigia kukupa namba ya gari. Ndani kuna korongo mdogo, mdogo wake yule aliyelala, ameshachongwa lakini hajasuguliwa. Sijamtia majini, kwa hiyo hata mimi sijui rangi yake. Nimeweka na msasa wa aina tatu, nyuma nimeandika upi uanze. Usimsugue mkavu, vumbi lile ni baya kifuani. Mloweke usiku kucha kwenye beseni, kisha ukae naye. Akikauka mwangalie shingoni na chini ya bawa kama kuna uzi mweusi. Ukiuona, usiniulize, amua wewe.

Ukimaliza mrudishe kwa gari lilelile. Mwezi wa nane nakwenda Tabaka kumwona Mong'ina, nataka nimpelekee mkononi. Chini ya tumbo nimeacha mahali pa bapa, pana nafasi ya majina matatu. La kwake nimeshalichora. Langu nitalichora la mwisho.

Msalimie mama.

Mimi wako wa dawati la nyuma.