Shukrani kwa mzee wa Mutrah

Mzee wangu uliyenikuta Mutrah, mtaa wa Maskati, Oman, shikamoo. Jina sikuuliza, basi nakushukuru mbele za watu.

Paa la turubai la gari langu, Porsche Boxster ya 1999, liligoma likiwa wazi, na jua la Maskati unalijua. Gereji moja ilishasema mota imekufa, ninunue mpya. Wewe mota hukuigusa. Ulitazama fyuzi, nzima. Ukavuta breki ya mkono, ukanionyesha dashibodi: taa yake haiwaki. Bila swichi ndogo ya breki hiyo kushika, ukasema, paa halipewi umeme. Ukaipulizia dawa, ukaichezesha hadi taa ikawaka. Nikabonyeza, paa likaja, nikafunga komeo kwa mkono.

Pesa ulikataa, chai ya maziwa ukakubali. Mafundi wengine, tafadhali: pimeni kabla ya kutuuzia mota.