Sio betri tu, Swaleh

Leicester, Jumapili usiku

Swaleh ndugu yangu, assalaam alaykum. Sauti zako zote nimezisikiliza, zile nne za alfajiri na ile ndefu uliyorekodi ukiwa kwenye tuktuk, nusu yake ni honi za Kongowea. Sikujibu kwa sababu nilikuwa natoka kazini na nilikuwa na hasira. Sasa zimepoa kidogo, basi soma yote, usirukie pale palipoandikwa pesa.

Yaani ile One-ten ya ami, ile Toyota Corolla yake, iliyolala chini ya mwarobaini pale Kisauni tangu tulipomzika, Ramadhani mbili zishapita, Nassir akuuzia laki na themanini? Na akwambia "ni betri tu". Na wewe umeamini, wataka mimi nami niamini, nitoe pesa.

Sikiza. Mlipoona picha ya Honda yangu kwenye grupu wewe ulikuwa wa kwanza kuandika "dada, nani akuendeshea?", na Fatma akamwaga vicheko, na mama mwenyewe akaweka kidole gumba. Nimeiweka moyoni hiyo. Kwa taarifa yenu naendesha mwenyewe, na hiyo gari nimeifufua mwenyewe. Ni Jazz ya 2008, nyinyi hapo mwaiita Fit. Ilikuwa ya bibi jirani yangu, mumewe alifariki na yeye haendeshi, ikakaa bandani mwaka na miezi minane. Aliitaka paundi 1,100 nikampa 750. Tena sikukurupuka, huku kuna ukaguzi wa kila mwaka waita MOT, unaingiza nambari pleti kwenye tovuti ya serikali unasoma bure gari ilifeli lini na kwa nini, maili zake zilikuwa ngapi, kutu iko wapi. Nikasoma yote, safi, nikajiona mjanja.

Haya, betri ilikuwa imekufa, hiyo ndio rahisi. Fundi wangu ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Jinja, wale walofukuzwa na Amin 1972 wakaja wengi hapa Leicester, ukimkuta na chai yake waweza kudhani uko Makadara. Nilitaka kujampu tu tuondoke, akaninyang'anya waya. "Mama, hii gari nalala mingi, wewe usiamshe na makelele." Akatoa ile petroli ya zamani yote, yanuka kama vanishi, maana petroli ikikaa miezi yaharibika, na hii ya huku yachanganywa ethanoli, na ethanoli yavuta maji. Akafungua plagi, akatia oili kidogo kwenye matundu, akaiacha ilale hivyo, siku ya pili akaizungusha injini kwa mkono na spana kabla ya kugusa ufunguo. Kwa sababu ndani mle pete za pistoni zaweza kushikana kutu na ukipiga stata kwa nguvu ndio umeumaliza mchezo. Breki za nyuma zilikuwa zimeng'ang'ania, kuisukuma nje ililia "taa!", mtaa mzima ukatoka. Oili ya breki nayo hunywa maji hata gari ikiwa imelala, ikamwagwa. Kwenye filta ya hewa tukakuta panya amejenga, ana nyumba kubwa kuliko yangu.

Hesabu sitakwambia. Lakini ilipita MOT mara ya kwanza, na sisubiri tena basi la saa kumi na moja kwenye baridi, hayo ya baridi tuyaache.

Sasa hiyo yangu ilikuwa bandani, pakavu. Ya ami iko nje, kaskazi na kusi zaipitia, upepo wa chumvi mchana na usiku, na majani ya mwarobaini yameziba pale chini ya kioo cha mbele maji yanapotokea. Kabla ya kuuliza habari ya injini inua kapeti, tia mkono. Pakiwa na maji au chuma chabonyea, mwambie Nassir amuuzie mtu wa vyuma chakavu. Kisha tairi, pembeni kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo wiki, mbili za mwisho mwaka, ukiona 1416 hiyo ni wiki ya 14 ya 2016, hata kama kashata zake, yale meno ya tairi, bado nzima ni mzee huyo. Na belti ya injini haihesabu kilomita peke yake, yazeeka kwa miaka.

Lakini haya yote ni madogo. Nassir auza gari ya nani? Logbuku iko kwa jina la ami, na marehemu haingii eCitizen, ile tovuti ya serikali, kubonyeza "nakubali". Ami ameacha mke, ameacha mabinti wawili, Bi Zuhura ana thumuni yake kabla Nassir hajafungua mdomo, na Mwanaisha na dadake wana fungu lao. Kwani kwa kadhi hapajulikani? Mwanaisha amenipigia juzi yualia, asema hakuna aliyemuuliza. Wewe ukitoa pesa sasa utakuwa umenunua ugomvi wenye magurudumu manne, na kila Idi tutakuwa twaangaliana kwa jicho la pembeni, na lawama itakuja kwangu maana pesa ni zangu.

Usidhani siitaki. Ndiyo iliyonipeleka uwanja wa ndege wa Moi usiku ule, ami amevaa kanzu yake ya Ijumaa kama twaenda harusini, mama nyuma na sinia la mahamri magotini, pale Makupa foleni haisongi nami naomba Mungu isisonge. Sikusema wakati ule. Ile harufu ya udi na samaki kwenye viti vyake, huku nimeitafuta siipati.

Basi nafanya hivi. Natuma elfu kumi na tano kwa mama, SIO kwako, wajua kwa nini, ile pikipiki sijaisahau. Za fundi aende Kisauni aiangalie pale pale ilipo, na asiiwashe mtu, Nassir ufunguo aweke chini. Wakishakaa wote kwa kadhi na Bi Zuhura akaridhika kwa mdomo wake, hapo niambie bei, na isiwe laki na themanini, kwa bei hiyo twamlipa Nassir kwa kuiangalia ikioza.

Picha za tairi nitumie kesho, zote nne na ya spea. Na za dawa ya mama nimetuma mbali, hizo si za gari.

Dadako