Risala ya Kamati ya Ujenzi kwa Mgeni Rasmi, siku ya kuweka jiwe la msingi la kanisa la mtaa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ndiwe Baba Mkuu wa Jimbo letu, Mchungaji Kiongozi wa Usharika, Mwinjilisti wetu, Wazee wa Kanisa, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, majirani zetu wa dini na madhehebu mengine, wanakwaya, washarika, mabibi na mabwana: Bwana Yesu asifiwe!

Kwa niaba ya washarika wa mtaa huu mpya, yaani tawi jipya la usharika wetu, tunakushukuru kwa kukubali kuja kutuwekea jiwe la msingi. Jengo unaloliona mbele yako ni dogo, na tumekusudia liwe dogo. Tunaomba ruhusa yako tukueleze sababu zake, pamoja na vipimo, kwa kuwa leo tunachangisha fedha za paa na ni haki ya kila anayetoa kujua anatolea kitu gani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kanisa lina upana wa mita 8 na urefu wa mita 15 kwa nje. Vipimo hivi vina faida moja ambayo kila fundi anaifurahia: ukipima kutoka pembe hadi pembe, kamba zote mbili lazima zisome mita 17 kamili. Zikitofautiana hata kidogo, msingi umekaa upande, na kosa hilo halijifichi, litakuja kuonekana siku ya kupanga bati. Ndani, kuna njia ya katikati ya mita 1.2 na mabenchi ya mita 3 kila upande, watu sita kwa benchi. Safu 11 zilizoachana sentimita 90 zinabeba watu 132, na mbele inabaki mita 3.5 ya madhabahu. Idadi hiyo inawatosha washarika tulio nao. Tukiongezeka tutakuwa na ibada mbili, ya saa 1 na ya saa 4. Zikijaa zote mbili, tutakuomba ruhusa ya kufungua mtaa mwingine huko ambako watu wanatoka, badala ya kubomoa ukuta huu.

Wapo waliotushauri tujenge kubwa mara moja. Tunawaheshimu, lakini sote tunayajua makanisa yaliyoishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, nondo zikishika kutu juani huku washarika wakiendelea kusali chini ya turubai pembeni. Mara nyingi fedha huishia paani, na sababu yake ni ya kiufundi: upana wa mita 8 unabebwa na kenchi, yaani fremu za kubebea paa, za mbao zenye dawa ambazo fundi wa hapa hapa anaziunda. Ukifika mita 15 au zaidi kwa kawaida unahitaji kenchi za chuma, mchomeleaji mzoefu na mhandisi. Gharama haziongezeki kwa kufuata upana tu, zinaruka. Wanaochora ramani kwa kutazama waumini wa miaka ishirini ijayo wanawatwika waumini wa leo mzigo usio wao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, udogo na urahisi wa jengo hili havina maana ya kulegeza ubora. Hapo ndipo tumekuwa wakali zaidi. Mchanga haushushwi kabla ya kupimwa: tunajaza chupa ya plastiki mchanga hadi theluthi, tunaongeza maji na kijiko cha chumvi, tunatikisa na kuiacha itulie saa moja. Tope linalokaa juu ya mchanga likizidi sehemu moja kati ya kumi, lori linarudi, maana tope linazuia saruji isishikane na mchanga na plasta yake hupukutika. Matofali ni ya inchi 6, na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hautoi zaidi ya matofali 30. Tofali lililotolewa 50 kwa mfuko ni la bei nafuu, lakini ukilikwangua kwa msumari linamwaga unga.

Zege la nguzo na lenta tunalipima kwa ndoo ya lita 20, hatulikadirii kwa koleo: mfuko mmoja wa saruji, ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo saba za kokoto, na maji yasiyozidi lita 25, pungufu ya hapo mchanga ukiwa umelowa. Mafundi hupenda kuongeza maji ili zege liteleze kirahisi kwenye ndoo. Maji hayo ya ziada yakikauka huacha vitundu ndani, na nguvu ya zege inashuka bila mtu yeyote kuona kwa macho. Kwa hiyo wakati wote wa kuchanganya mzee mmoja wa kamati anasimama kando ya pipa la maji. Baada ya hapo kwaya na umoja wa akina mama wanashika zamu ya kumwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7, zege likiwa limefunikwa magunia.

Paa litakuwa la migongo miwili tu, lisilo na vali hata moja, yaani bonde ambapo pande mbili za paa hukutana. Paa lenye pembe nyingi linapendeza kwenye picha, lakini kila vali hukusanya majani, maji hurudi nyuma chini ya bati, na mbao huanza kuoza kabla doa halijaonekana darini. Kenchi zitafungwa kwa nondo zilizoachwa zimechomoza kwenye lenta. Kenchi iliyokalishwa tu juu ya ukuta inangoja upepo wa masika uinyanyue. Kuhusu bati, tunaomba wafadhili wetu watuelewe: tunahitaji geji 28. Namba ikiwa kubwa bati ni jembamba zaidi, hivyo geji 32 ni nyepesi kuliko 28, ingawa wengi hudhani kinyume. Tunahitaji bati la kufunika mita za mraba 162, tukihesabu mwinamo wa paa na sentimita 60 za kuchomoza kila upande ili mvua isipige ukuta.

Ukuta mrefu unatazama kaskazini na kusini, kwa hiyo jua la asubuhi na la jioni haliingii kwa nguvu. Madirisha kumi ya mita 1.2 kwa 1.5 yanatosha kwa mwanga na hewa, nasi hatutafunga kiyoyozi wala taa za mchana. Sakafu itakuwa ya saruji iliyopigwa niru, yaani uji wa saruji unaolainishwa juu. Malumalu tumeyaacha, kwani yakilowa yanateleza, na wazee wetu wengi wanaingia na fimbo.

Mnara pia hatutajenga. Kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwarobaini kinasikika mtaa mzima. Vivyo hivyo na vyombo vya kukuzia sauti: katika chumba cha watu 132 sauti ya mhubiri inafika benchi la mwisho bila kipaza sauti, isipokuwa mvua kubwa ikipiga bati, na wakati huo hata spika hazisaidii sana, ni bora tuimbe. Spika kubwa katika chumba chenye kuta ngumu hutoa mwangwi unaomeza maneno, halafu kelele zinaishia kitandani kwa jirani mwenye mgonjwa. Yeyote aliyekuwa na nia ya kututolea spika, tunamwomba kwa upendo aielekeze nia hiyo kwenye tangi la maji. Mvua ya milimita 20 kwenye paa letu ni karibu lita 3,000, na tangi la lita 5,000 litatuhudumia sisi na majirani siku ambazo bomba halitoi. Maji ya mwanzo wa mvua yatamwagwa, kwa sababu yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Mabenchi 22 yatakuwa ya kuhamishika. Jumatatu hadi Ijumaa yatasogezwa ukutani ili watoto wa chekechea wapate nafasi, na jioni vikundi vya kuweka na kukopa vikutane. Jengo linalofungwa kwa kufuli siku sita kwa wiki ni anasa hata likiwa la udongo. Waumini wa kwanza walikusanyika majumbani, kama pale kwa Priska na Akila, ambapo nyumba hiyo hiyo ilikuwa makazi, na injili ikaenea.

Kuhusu matumizi ya fedha, ahadi za harambee haziingii kwenye bajeti mpaka zitakapotimizwa. Saruji inanunuliwa kwa hatua, inapangwa juu ya mbao mbali na ukuta, na mifuko iliyotangulia kuingia ndiyo inayotangulia kutoka. Kununua mifuko mingi kwa pamoja kwa kuwa michango imekuja kwa wingi ni njia ya haraka ya kuigeuza sadaka kuwa mawe stoo. Kila kifaa kinaandikwa kwenye leja, na kutoka kwake kunasainiwa na watu watatu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi matatu. Kwanza, utusaidie kuharakisha hati ya kiwanja hiki isomeke kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa Dayosisi. Hati iliyoandikwa jina la mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani, huwa kesi ya mirathi siku anapofariki, na waumini hujikuta mahakamani na watoto wa ndugu yao. Pili, tunaomba fundi wa Jimbo aje akague kenchi zikiwa bado chini, kabla hazijapandishwa, maana zikishapanda kurekebisha ni kubomoa. Tatu, utuongoze katika harambee ya leo ya bati na tangi. Michango ikivuka lengo, kiasi kitakachozidi kipelekwe kwenye mtaa jirani ambao bado wanasali chini ya mwembe.

Baba Mkuu wa Jimbo, jiwe lipo tayari upande wa kulia wa mlango, na chokaa ya saruji imeshachanganywa. Tunakukaribisha.

Ni sisi watumishi wenzako katika Bwana,
Kamati ya Ujenzi ya Mtaa.