Mgombea nitampima kwa wakala wake

Mhariri,

Uchaguzi ukikaribia, huku kwetu viongozi hupimwa kwa ukubwa wa mikutano, wingi wa magari na pakiti za unga zilizogawiwa sokoni. Mimi nina kipimo kingine. Nilikipata usiku, ndani ya darasa la shule ya msingi hapa Shinyalu, nikiwa wakala wa mgombea, yaani mtu anayemlindia kura zake kituoni. Kazi hiyo nimeifanya mara tatu, 2013, 2017 na 2022, na sasa nasema bila kusita: mgombea asiyejali wakala wake hajali kura yangu.

Watu hudhani wakala ni mtu wa kukaa kwenye benchi amevaa kitambulisho shingoni. Siku hiyo mimi huamka saa tisa usiku. Kituo kinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, nami sharti niwe nimefika mapema nione masanduku yakiwa matupu, yafungwe mbele yangu, niandike nambari za sili kwenye daftari. Kutwa nzima naangalia nani amesaidiwa kupiga kura na kwa nini. Saa kumi na moja jioni mlango ukifungwa, hapo ndipo kazi yenyewe inaanza. Msimamizi wa kituo anainua karatasi moja moja, anatuonyesha, anasoma jina, karani anaiweka kwenye fungu lake. Tunaanza na ya urais, na nyingine zinasubiri. Kituo kinaweza kuwa na wapiga kura hadi 700. Hesabu mwenyewe itachukua muda gani.

Agosti 9, 2022, kufikia saa saba usiku, mawakala wanne tuliokuwa nao walikuwa wamelaza vichwa kwenye madawati. Wawili kati yao hawakuwa wametia kitu tumboni tangu chai ya alfajiri. Mratibu wa mgombea wao aliwaahidi chakula cha mchana na malipo jioni, na kufikia magharibi simu yake ilikuwa imezimwa. Kijana mmoja akamsihi msimamizi ampe fomu zote atie sahihi aende zake, kwa sababu boda zingekuwa adimu baadaye. Fomu zenyewe zilikuwa bado hazijaandikwa hata nambari moja! Msimamizi alikataa, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Yule kijana hakuwa mwizi wala mjinga. Alikuwa na njaa, na aliyemtuma alikuwa amemsahau.

Baadaye kidogo tukafika kwenye kura za mwakilishi wa wanawake. Fungu la mgombea mmoja lilihesabiwa, nami nikaandika 74. Karani, macho yake mekundu kwa usingizi, akaandika 47 kwenye fomu. Niliinua mkono. Tukahesabu upya, karatasi kwa karatasi, tukapata 74, ikasahihishwa. Kura zile hazikuwa za mgombea wangu. Wakala wa yule mama alikuwepo darasani, amelala fofofo. Watu 27 waliopanga foleni asubuhi ile wangefutika kwa kalamu ya mtu aliyechoka, na pengine hata mgombea wao asingejua hadi leo.

Kanuni za uchaguzi zinampa wakala haki ya kuomba kura zihesabiwe tena, hata mara mbili, papo hapo kituoni. Anapewa nakala ya fomu ya matokeo, na nakala nyingine inabandikwa mlangoni ili kila mtu aisome. Kanuni hizo hizo zinasema kwamba wakala kutotia sahihi hakubatilishi matokeo kwa sababu hiyo pekee. Kwa hivyo anayelala, anayetoroka au ambaye hakuletwa kabisa hamzuii mtu yeyote kutangazwa mshindi.

Sisemi haya kuitetea IEBC, tume yetu ya uchaguzi. Nilikuwa hapa Kakamega tulipoambiwa, siku moja kabla ya kupiga kura, kwamba karatasi za ugavana zina picha zisizo zake. Tulipiga kura za nafasi nyingine Agosti 9, kisha tukarudi Agosti 29 kwa sanduku moja la gavana. Mombasa yaliwakuta hayo hayo. Pale kituoni kwetu foleni ya siku ya pili ilikuwa imekwisha kabla jua halijakaa utosini, kwa maana mtu aliyeacha kibarua mara moja si rahisi akiache tena. Halafu tume ikakaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Jirani zetu wa Malava walimpoteza mbunge wao Februari 2025 wakangoja hadi Novemba 27 kumchagua mwingine, na watu wa Banissa walikuwa wamengoja tangu 2023. Hilo ni kosa kubwa na lisirudiwe.

Lakini kosa la tume linatangazwa kila redio. La wagombea halisemwi. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, na jinsi matokeo yalivyopeperushwa ilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Mwaka 2022 tume ikaweka mtandaoni picha za Fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000, kila Mkenya mwenye simu akajijumlishia. Hatua ile niliifurahia sana. Ila ilikuwa ya urais. Kura za mwakilishi wadi wetu, huyu anayeamua kama zahanati ya kijijini itapata bajeti, hazikuwa na macho mengine usiku ule isipokuwa sisi tuliokaa kwenye madawati ya watoto.

Na wagombea wanatufanyia nini? Wanatuita wiki moja kabla, majina tu yanaandikwa. Hakuna anayetufundisha kusoma fomu, kutofautisha kura iliyokataliwa wakati wa kuhesabu na karatasi iliyoharibika kabla ya kutumbukizwa, wala kuandika pingamizi. Mwaka 2013 nililipwa nusu ya tuliyokubaliana, tena baada ya miezi miwili ya kupiga simu. Mgombea yuleyule alikuwa amekodisha magari ya kampeni kwa wiki nyingi. Aliposhindwa alilia kwamba ameibiwa, na nilipoulizwa na wakili wake nakala za fomu ziko wapi, zangu zilikuwepo. Za vituo vingi hazikuwa na mtu wa kuzichukua. Mtu aliyeshindwa kuwapa chakula watu wachache kwa usiku mmoja, tena usiku wa kura zake mwenyewe, nitamwamini vipi na mishahara ya wauguzi wa kaunti?

Agosti 10, 2027 tutarudi kwenye madarasa hayo. Wameshaanza kupita, wengine hata matangani wanaomba kipaza sauti. Atakayefika kwetu nimeshamwandalia maswali, na nawaomba wasomaji wako wa Butere, Mumias na Lurambi wayaulize pia mbele za watu: mawakala wako wa kituo chetu ni nani, watafundishwa lini, watalipwa shilingi ngapi na siku gani, na saa saba usiku nani atawaletea chai?

Wakala wa zamani,
Shinyalu, Kakamega